Kaskazini Moja kwa Moja

Toa simu, fungua ramani, weka kidole Garissa. Sasa kipandishe juu taratibu bila kukipeleka kushoto wala kulia. Utapita kati ya Wajir na Moyale, utavuka mto Dawa, utagusa mji wa Negelle, utapanda milima ya Bale, utashuka kwenye joto la Danakil, utafika Bahari ya Shamu karibu na Massawa. Endelea tu. Kituo kinachofuata ni Makka. Tofauti ya longitudo kati ya Garissa na Makka haifiki hata robo ya digrii, na umbali wa kupaa kama ndege ni kama kilomita 2,400. Ndiyo maana sisi wa Galbet hatuhitaji programu ya kutafuta kibla. Jina la mtaa wetu linasikika kama neno la Kisomali galbeed, magharibi, lakini uso wetu mara tano kwa siku uko kaskazini.

Sasa rudisha kidole. Zaidi kidogo ya theluthi ya njia ile, ukisogea kulia kiasi, kuna mahali panaitwa Dirre Sheikh Hussein, upande wa mashariki ya Bale, Ethiopia. Hapo ndipo watu wa nyika yetu walikuwa wakienda kwa miguu. Hawakuwa wanakimbia vita wala kutafuta malisho. Walikuwa wanakwenda ziara, miezi miwili kwenda na miwili kurudi, wakiwa na fimbo yenye panda mkononi, kibuyu begani na karibu hakuna kingine.

Wenzangu wa Nairobi wakisikia hija ya miguu wanafikiria Namugongo. Sawa, na ni safari ya kuheshimiwa. Kila mwaka kabla ya tarehe 3 Juni, siku wanayokumbukwa mashahidi wa Uganda waliochomwa mwaka 1886, utaona Wakenya wakivuka Busia na Malaba kwa miguu wakiimba. Lakini njia ya kaskazini ni ya zamani kuliko hiyo kwa karne kadhaa, na vijana wengi wa Garissa niliowauliza hawajawahi hata kuisikia. Mimi mwenyewe nimeisikia kwa sababu ya akko, mama yake mama yangu, Mborana wa Garba Tula aliyeolewa huku kwetu. Baba yake alikwenda, miaka kadhaa kabla ya Uhuru. Fimbo yake iko nyumbani.

Sheikh Hussein ni nani? Wanahistoria wengi humweka karne ya 12 au ya 13. Masimulizi yanasema ukoo wake ulitoka Merca, ule mji wa pwani ya Benadir, jirani na Barawa ambako mpaka leo kuna watu wanaozungumza Chimwini, ndugu wa Kiswahili chetu. Kwa hiyo ukiniuliza, hadithi hii ina mkono wa pwani ndani yake, hata kama imeishia milimani. Inasemwa kwamba yeye ndiye aliyeeneza Uislamu Bale, na alipokufa kaburi lake likawa mahali pa ziara. Baadaye mtawala mmoja wa Harar, Amir Abd al-Shakur, aliyatengeneza majengo ya pale mwishoni mwa karne ya 18. Kuta zimepakwa chokaa nyeupe, milango ni mifupi, unaingia umeinama au unatambaa. Mwaka 2011 Ethiopia ililiweka eneo hilo kwenye orodha yake ya awali ya UNESCO.

Kitu ninachokiona cha ajabu zaidi ni kwamba kutembea kwenyewe kulikuwepo kabla ya Sheikh. Waoromo walikuwa na desturi ya kuwatuma watu kwa miguu, safari za miezi, kwenda kwa Abba Muda, kiongozi wao wa kiroho kusini, kupakwa mafuta na kupewa baraka. Wasafiri hao, jila, hawakubeba silaha. Hakuna aliyethubutu kuwagusa, na kila kijiji kiliwalisha. Menelik alipoiteka nchi ya Waoromo aliipiga marufuku safari hiyo, karibu mwaka 1900. Aliona mbali yule mzee: watu wanaotoka kila pembe na kukutana sehemu moja wanajijua kuwa ni watu wamoja. Lakini ziara ya Sheikh Hussein ilibaki, na ilibeba sheria nyingi za ile ya zamani. Hata jina lilibaki, wapo wanaoiita muda mpaka leo. Hii si muda yetu ya saa, ni ya Kioromo, kupaka.

Daktari mmoja Mmarekani, Arthur Donaldson Smith wa Philadelphia, aliondoka Berbera mwaka 1894, akapita Sheikh Hussein mwaka huohuo, akaendelea hadi ziwa Turkana, na mwaka 1895 akatokea Lamu baada ya kuufuata mto Tana. Yeye alikuwa na msafara wa ngamia na bunduki za kutosha. Vitabu vikamwita mvumbuzi. Wale mahujaji wa fimbo aliowakuta mbele yake njiani hawakuitwa chochote.

Haya, tuseme unataka kwenda. Wengine wataniambia hakuna anayetaka, lakini nimekaa Galbet miaka yote hii na najua vijana wanaotaka kwenda mahali ambapo si Eastleigh. Nitakupa mambo aliyoyasema akko kwenye simu yangu nilipomrekodi, pamoja na niliyoyapima mwenyewe.

Kwanza hesabu. Kwa barabara na vichochoro, kutoka Garissa hadi Dirre Sheikh Hussein weka kilomita 1,200 hivi. Mtu mzima anayepumzika vizuri hutembea kilomita 20 kwa siku kwa wiki nyingi bila kuharibika. Ukitaka kujionyesha ukafanya 40 siku ya kwanza, siku ya tatu utakuwa umelala njiani unatoboa malengelenge kwa sindano. Kwa hiyo ni siku 60. Sasa toa siku 60 kabla ya Arafa, maana msimu mkubwa wa ziara ni Mfungo Tatu, wakati wenzao wako Makka kwenye hija yenyewe. Na hapo ndipo watu hukosea hesabu, kwa sababu kalenda ya Kiislamu inarudi nyuma siku 11 kila mwaka. Arafa ya 2024 ilikuwa katikati ya Juni, na miaka hii inashuka kuingia Mei. Ukiondoka Machi unatembea ndani ya Gu, mvua ndefu. Maji yako kila mahali, maziwa yako kila boma, watu wana furaha. Lakini mito ya Dawa na Ganale imejaa, na mto uliojaa hauna huruma na mtu asiyejua kuogelea. Miaka kumi mbele Arafa itakuwa Februari, katikati ya Jilaal, kiangazi kikavu. Mito utaivuka kama unavuka barabara, ila utakufa kiu kabla hujaifikia. Akko aliniambia baba yake alingojea mwaka mzuri miaka mingi. Nilidhani anamaanisha pesa. Alimaanisha mwezi gani Arafa itaangukia.

Maji ndiyo ramani. Sisi tunataja njia kwa miji, Garissa, Modogashe, Habaswein, Wajir, Buna, Moyale. Wao walitaja kwa visima na kwa wenye visima. Kisima kina mwenyewe, hata kama Mungu ndiye aliyeyaweka maji. Wajir ni mji wa visima vifupi vya chokaa, vimechimbwa zamani sana hata watu wanabishana ni nani aliyevichimba. Kati ya Habaswein na Wajir kuna kama kilomita 100, na hicho ndicho kipande kilichowapima wasafiri. Siku tano kwa mwendo wetu. Mtu hunywa lita nne au tano kwa siku akitembea kwenye nyuzi 35, kwa hiyo ukitaka kujibebea yote ni kilo 20 na zaidi za maji peke yake. Hakuna mgongo wa kubeba hivyo na kutembea siku tano. Ndiyo sababu waliungana na watu wenye ngamia, au walipita kwenye maboma wakanywa maziwa badala ya maji. Safari nzima ilitegemea kugonga mlango wa mtu usiyemjua. Na boma halina mlango wa kugonga, unasimama mbali, unasalimia kwa sauti, unangoja.

Fimbo ilikuwa na kazi hapo. Ule wa Sheikh Hussein ni mti wenye panda juu, kama herufi Y, na Waoromo huuita ule. Unasukuma miiba nayo, unatundika kibuyu, unaegemea ukichoka. Lakini kazi yake kubwa ni kuonekana. Mtu akikuona kwa mbali na panda ile anajua wewe ni gariba, msafiri wa ziara. Neno lenyewe halitakupotea, ni gharibu yetu ya Kiswahili, mgeni. Gariba haulizwi kabila wala ukoo wake una deni gani la damu na ukoo huu. Analishwa, anaombewa, naye anaomba dua kwa wenyeji na kuimba sifa za Sheikh jioni. Katika nchi ambayo Degodia na Ajuran, Borana na Garre wamepigania visima kwa vizazi, fikiria thamani ya kijiti kama hicho. Kwa lugha ya leo, ni pasipoti.

Chakula: nyirinyiri, ile nyama iliyokatwa vipande vidogo ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya samli. Inakaa miezi. Buni zilizokaangwa kwa samli, wanavyofanya Waborana, unatafuna chache asubuhi na njaa inakuacha hadi adhuhuri. Tende kama unazo. Chumvi, usisahau chumvi. Miguuni, akala za tairi. Viatu vya mbio vya bei ghali vina soli laini na mwiba wa mgunga unapita kama sindano kwenye sifongo. Nimejaribu vyote viwili kwenye njia ya Modogashe kwa siku tatu tu, na akala zilishinda bila ubishi, ingawa siku ya kwanza zinachubua kisigino mpaka unatamani kulia.

Na sheria kubwa kuliko zote: tembea usiku, lala mchana. Baba yake akko waliondoka saa tisa usiku, wakasimama jua likishapanda, wakalala chini ya mti hadi alasiri, kisha wakatembea tena hadi giza. Mwezi mpevu ulikuwa zawadi.

Hapa ndipo ushauri wote wa wazee unapogonga ukuta. Leo ukitembea usiku kati ya Modogashe na Wajir, wa kwanza kukutana nawe atakuwa mwanajeshi au mtu anayetafutwa na mwanajeshi, na wote wawili watauliza swali moja: unaenda wapi saa hizi? Tangu watu 148 wauawe chuo kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, na hata kabla, kumekuwa na amri za kutotoka nje usiku na mabomu yaliyofukiwa barabarani. Mtu anayetembea peke yake gizani, mwembamba, na mzigo begani? Hapana. Kwa hiyo sheria ya leo imepinduka. Tembea alfajiri mpaka saa nne, pumzika, tembea saa kumi mpaka magharibi, na ulale penye watu. Jua litakupiga. Beba kitambulisho mfuko wa mbele, usikichimbue ndani ya begi mbele ya askari. Mjulishe chifu wa kila eneo kabla hujaingia, akupe mtu wa kukusindikiza. Na usiweke mahali ulipo mtandaoni mpaka uwe umeshaondoka hapo.

Lakini msifikiri njia hii ilikufa juzi. Iliuawa kwa kalamu kwanza. Mwaka 1907 Waingereza na Menelik walikubaliana mpaka, na mstari ukapita katikati ya nchi ya Waborana kama kisu kwenye mkate. Kisha wakachora mwingine ndani, kati ya malisho ya Wasomali na ya Waborana, Wasomali wasivuke magharibi. Magharibi, galbeed, mnaona? Mwaka 1926 wilaya nzima ya mpakani ikatangazwa eneo lililofungwa, na sheria ya 1934 ikawapa maafisa nguvu ya kuamua nani atoke, nani aingie, nani achunge wapi. Waborana wa akko, wale wa Waso, walijikuta kule Garba Tula na Merti, mbali na wenzao wa Ethiopia. Kwa watu kama hao kutembea kwenda Bale kulikuwa zaidi ya ibada. Ilikuwa njia ya kuwaona jamaa bila kuomba ruhusa ya Bwana DC. Afisa angemsimamisha mchungaji mwenye ng'ombe 100. Mzee mwenye fimbo na kibuyu, akimwimbia walii, alimwacha apite.

Halafu ukafika mwaka 1963, na hapa naomba uangalie pande zote mbili kwa pamoja, maana vitabu vyetu vya shule huangalia upande mmoja. Huku kwetu, tarehe 28 Desemba, wiki mbili tu baada ya Uhuru, serikali ilitangaza hali ya hatari Kaskazini Mashariki, na vita vya Shifta vikaendelea mpaka 1967. Kule Bale, mwaka uleule wa 1963, wakulima na wafugaji waliasi dhidi ya Haile Selassie, Waqo Gutu akiwa mmoja wa viongozi wao, na hawakutulia mpaka 1970. Mwanzo wa njia ulifungwa na mwisho wake ukafungwa, mwaka mmoja. Garba Tula watu waliwekwa ndani ya kambi, mifugo ikapigwa risasi au ikafa kwa kukosa malisho. Waborana wa Waso wanakiita kipindi kile Gaafa Daba, wakati wa kusimama. Watu ambao maisha yao ni kutembea hawakuwa na jina kali zaidi ya hilo.

Vita viliisha, sheria za hatari zikabaki mpaka 1991. Katikati yake kukawa na Derg kule Ethiopia, vita vya Ogaden vya 1977 na 1978, na huku kwetu ukaguzi wa 1989, Wasomali wa Kenya wakapewa kadi za waridi za kuthibitisha kwamba ni Wakenya. Ukihesabu, mtoto aliyezaliwa Garba Tula au Garissa mwaka 1963 alifika miaka 28 bila kuwa huru kutembea nchini mwake. Kufikia hapo wazee waliojua visima walikuwa wanakufa.

Na kuna mlango mwingine uliofungwa, huu tuliufunga sisi. Masheikh wengi wa Garissa leo watakuambia ziara ya kaburi ni bidaa, na wengine watasema ni shirki kabisa. Abti yangu ni mmoja wao. Alisoma Ghuba, ni mtu mwema, hulipia karo watoto wa watu wengine, na ameshasema mara mbili tuichome fimbo ile. "Abti," aliniambia, maana kwa Kisomali mjomba na mpwa huitana neno lilelile, "mti haumwombei mtu." Nilimjibu kwamba sijauomba kitu, nataka tu kujua ulipita wapi. Akacheka, lakini hakubadilika. Sina elimu ya dini ya kushindana naye na sitajifanya ninayo. Ila ninajua kwamba ukichoma kile kijiti umechoma karatasi pekee ambayo familia yetu inayo ya miaka ile. Hatuna barua, hatuna picha.

Ukifika Moyale leo utakuta kituo cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa Desemba 2020. Mkenya haombi viza ya kuingia Ethiopia, pasipoti inatosha, na ubebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Wengi siku hizi huenda kwa basi. Lami ya Isiolo hadi Moyale, zaidi ya kilomita 500, imefanya safari ya wiki tatu iwe ya siku moja, na sitamcheka anayeipanda. Ukivuka, kipande cha Moyale mpaka Negelle na nchi ya Waguji kimekuwa na mapigano tangu 2018, kwa hiyo uliza madereva wa malori pale mpakani, wao ndio gazeti. Baada ya Ganale kuna mto Weyb na mapango ya Sof Omar, kilomita 15 za njia za maji chini ya mwamba, ambako inasemwa Sheikh Sof Omar alijificha na wafuasi wake. Wasafiri walilala humo kwa sababu ya ubaridi. Kutoka hapo zimebaki siku chache tu.

Baba yake akko alirudi baada ya miezi saba akiwa na udongo mweupe wa kaburini uliofungwa kwenye kipande cha shuka. Kila mtu wa boma alilamba kidogo. Akko anasema ulikuwa na ladha ya chumvi. Katika rekodi yangu anataja visima 11, kimoja baada ya kingine, kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya ndugu zake, na mimi nimeviona saba kwenye ramani. Vinne vilivyobaki viko mahali fulani kati ya Buna na Dawa. Fimbo tumeihamishia juu ya kabati chumbani kwake, ambako abti haingii bila kupiga hodi.